Kumficha Daktari Moshi

Jumatatu, 4 Machi 1974
Zena wangu kifua kimembana tena. Miaka mitatu tu, anakoroma kama mzee! Tukampeleka mjini kwa Daktari Nthiwa, daktari wa watoto. Akampima mtoto, kisha akanigeukia mimi! Akauliza navuta sigara ngapi. Nikasema moja moja, baada ya chakula. Mwanasha, mke wangu, akadakia kwamba basi mimi hula mara ishirini kwa siku. Fedheha! Daktari akasema moshi wangu ndio unaomtesa mtoto. Niache sigara, naye atanisaidia. Nikishindwa, Zena ahamie kwa bibi yake Pumwani hadi nyumba itakate.

Jumanne
Nimevuta nyuma ya ofisi, nikatafuna iliki. Mwanasha akanusa mara moja tu. Nimekamatwa! Thuo, jirani yetu hapa mtaani Woodley, daktari huyohuyo alimwachisha sigara mwaka jana. Sasa anakimbia kila asubuhi mpaka uwanja wa Jamhuri, kifua mbele. Namchukia.

Jumatano
Hila kubwa! Sisi watu wa Pwani tuna udi. Mwanasha alipotoka, nikajaza chetezo, nikafukiza kanzu, shuka, mapazia, nusura paka. Kisha sigara mbili kwa raha zangu. Nani atajua? Moshi ukatoka madirishani. Thuo akaja mbio na ndoo, akipiga kelele, "Mzee, nyumba inachomeka!" Maji yote kichwani pangu. Mwanasha akarudi na Zena. Mtoto akakohoa hadi akatapika.

Alhamisi
Daktari amesema moshi ni moshi, uwe wa udi au wa sigara. Zena amekwenda Pumwani. Alinipungia mkono, hakulia. Nimelia mimi. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza mwezi wa Ramadhani hujizuia vipi mchana kutwa. Akanipa karafuu za kutafuna, akasema hamu ikinizidi nimpigie simu.

Jumapili, 31 Machi
Zena amerudi! Kifua safi! Nilimpigia daktari simu kila siku, hata msikitini nilichelewa, lakini sijavuta hata moja. Amelala begani kwangu, hakoromi. Furaha gani hii!
Daktari ameniomba kesho nizungumze na wazazi wengine. Mimi, mfano! Thuo ajinyonge. Nimenunua pakiti moja, niwaonyeshe wazazi adui niliyemshinda. Tena nitawasha moja mbele yao, waone ninavyoweza kuizima. Kitu kama hicho hakifanywi bila mazoezi. Ngoja nitoke barazani kidogo.