Watalii Wenu Walionifuata

Mstahiki Meya,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, basi marahaba.

YAH: KUNYIMWA NAFASI YA KUTEMBEA PEKE YANGU

Mimi ni fundi cherehani, mjane, mgeni katika jiji lako. Nimezaliwa katikati ya ndugu wengi, tukilala kitanda kimoja kama njiti za kiberiti. Nikaolewa kwenye nyumba iliyojaa mawifi. Nikafungua duka, wateja wakawa wananifuata hata nikiwa naoga. Ndiyo maana safari hii nilikataa kujiunga na kundi la watalii. Binti yangu alinisihi: "Mama, utapotea!" Nikamwambia hicho ndicho ninachokiendea.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jua lenu ni kali. Nilifungua mwavuli wangu wa njano kwenye uwanja wenye chemchemi. Kugeuka, nikakuta kundi la wageni wamejipanga nyuma yangu, kamera shingoni, wametulia tuli. Kumbe kiongozi wao naye hutembea na mwavuli wa njano. Nani aliruhusu jambo hilo?

2. Nilikaza mwendo, wakakaza. Nilikimbia, wakakimbia. Nikainama kufunga kiatu, mzee mmoja akakipiga picha kiatu.

3. Nikajificha kwa dobi. Wakaingia wote. Nikawaambia kwa lugha yetu, "Jamani, hizi ni shuka tu!" Wakapiga makofi. Dobi naye, badala ya kutufukuza, akafungua mashine zote ili waone vizuri.

4. Nikatokea mlango wa pili wa dobi, kumbe unaingia ukumbi wa harusi. Tulikaribishwa kama upande wa bibi harusi, ambao, nasikitika kusema, ulikuwa umepwaya kwa uchache wa watu. Tulikula. Palipohitajika kulia, tulilia. Nilimshonea bibi harusi pindo lililofumuka, maana mimi siwezi kuona pindo limefumuka nikanyamaza. Huo nao ni utalii?

5. Jioni kiongozi wao halisi alitupata, jasho likimtiririka. Akawaita. Hakuna aliyetikisika. Akatazama huku na huku, akafunga mwavuli wake, naye akajipanga nyuma.

Mheshimiwa, sina makuu. Naomba miavuli ya njano ipigwe marufuku, isipokuwa wangu. Pia naomba nipewe mtaa mmoja mtupu. Wakazi wahame kwa muda, wakae kwa shemeji zao, nami nitembee kwa nafasi. Nitaufagia kabla ya kuondoka.

Nisalimie watu wa nyumbani kwako, madiwani wote, dobi na mashine zake, na maharusi. Mwambie bibi harusi anyanyue gauni anapopanda ngazi.

Wako anayetafuta upweke kwa udi na uvumba,
Fundi Cherehani

N.B. Kundi lile limeondoka leo asubuhi, nami nimetembea peke yangu kama nilivyotaka. Nimeliona jumba refu, zuri ajabu. Nikageuka niseme, "Hebu oneni!" Hapakuwa na mtu. Tafadhali yapuuze yote niliyoandika hapo juu, kisha unijulishe haraka: wageni wengine wanafika lini, na wanashukia stesheni ipi?