Malalamiko Dhidi ya Paa Lililojengwa Bila Ugomvi

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali,

Mwili wangu ni mzima, ila moyo umekwenda na maji, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi ni Katibu wa Kamati ya Ujenzi, mwaka wa kumi na moja sasa. Kama ujuavyo, kutoka chumba cha kujifungulia hadi wodi ya wazazi kuna hatua sitini za uwanja ulio wazi. Kwa miaka sita kamati yangu imejadili kuuwekea paa. Vikao arobaini na viwili, na hatukuafikiana hata mara moja, jambo linaloonyesha jinsi wajumbe wangu walivyo huru kimawazo. Kina mama na vichanga wao walinyeshewa, sikatai, lakini kumbukumbu za vikao zipo, zimepigwa chapa vizuri.

Kisha mkatuletea meneja wa mradi, dada mmoja mpole mwenye viatu vya mpira. Wiki tano tu, paa limesimama. Makosa yake ni haya:

1. Anasikiliza. Kabla ya kikao alimfuata kila mjumbe kazini kwake, akamuuliza, "Wewe unahofia nini?" Halafu akanyamaza ajibiwe! Hata mimi aliniuliza. Nilijikuta nimeongea saa nzima, chai imepoa. Huko ni kumvizia mtu mzima.

2. Fundi Mkuu alikuwa mpinzani wetu wa kutegemewa. Alitaka njia ipite nyuma ya jengo la kufulia. Meneja akampa penseli: "Fundi, hebu nichoree maji ya mvua yanakopita." Fundi akachora, mistari ikaishia kulekule nyuma ya jengo la kufulia, akajikuna kichwa, akaifuta njia yake mwenyewe. Sasa anatangaza kila kona kuwa paa ni wazo lake, na Meneja anaitikia, "Kweli kabisa." Mtu anayegawa sifa zake ovyo namna hiyo atatufundisha nini?

3. Hili ndilo kubwa. Mkuu wa Utawala alikuwa ameapa kwamba hatua sitini si safari. Siku ya kikao mvua ilimwagika. Meneja hakutoa hotuba. Alileta kiti cha magurudumu, akamketisha Muuguzi Mkuu, akampakatisha mto uliofungwa shuka kama kichanga, akasema, "Mkuu, tusaidie kumfikisha wodini." Mkuu akasukuma. Katikati ya uwanja gurudumu likazama kwenye tope. Sisi tulisimama barazani, tunatazama, hakuna aliyecheka. Aliporudi, suti imemganda mwilini, alitamka maneno mawili: "Lijengwe. Kesho." Kura zikapigwa bila mtu hata mmoja kugonga meza.

4. Tangu hapo kamati imeharibika. Wajumbe wanasalimiana.

Kwa unyenyekevu mkubwa naomba Meneja aonywe kwa maandishi aache tabia ya kuwaelewa watu. Aidha, naomba paa ling'olewe, lirudishwe kwenye ajenda, lijadiliwe kwa heshima linayostahili. Nakadiria miaka minne, tukijihimiza.

Nisalimie wajumbe wote wa Bodi, shemeji na watoto, bila kumsahau karani wako, ambaye hupokea barua zangu zote na kuzihifadhi mahali nisipopajua.

Wako katika utumishi usio na papara,

Katibu, Kamati ya Ujenzi

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, mwanangu wa kike amejifungua mtoto wa kiume. Mvua ilikuwa ya mawe. Nilitembea kando ya kiti chake hadi wodini, na mjukuu wangu alifika amelala, usoni hana hata tone. Mwenye uso uliolowa nilikuwa mimi, na sikuwa nimetoka nje ya paa. Basi, suala la kuling'oa lisubiri kwanza mwanangu aruhusiwe kwenda nyumbani. Ila mke wa kaka yake naye ana mimba ya miezi saba, na mdogo wao anaolewa mwakani. Kwa kifupi, Ndugu Mwenyekiti, yeyote atakayeligusa paa lile atanikuta mlangoni.