Ndege Mla Kaa na Binti Yangu Yasmini

Mshamu Ismaily,
Dungu la pili kutoka mferejini,
Umwe, Rufiji.
14 Mei, 2025.

Katibu,
Chama cha Watazama Ndege wa Delta,
Kibiti.

Ndugu Katibu,

YAH: KUPINGA KURUDISHWA KAZINI KWA BINTI YANGU YASMINI, PAMOJA NA MALALAMIKO MENGINE DHIDI YA NDEGE WENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimekiandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeambiwa ofisini herufi ndogo hazisomwi. Sisi huku ni wazima wote, isipokuwa mpunga.

Mimi ni baba mzazi wa Yasmini Mshamu, mwongoza wageni wenu, ambaye mmemsimamisha tangu mwezi wa tatu kwa kosa la kufukuza ndege mbele ya wageni. Nimesikia kwamba tarehe 24 mwezi huu kamati yenu itakaa kuamua kama arudishiwe kibali chake au anyang'anywe moja kwa moja. Naandika kuiomba kamati imnyang'anye. Najua wazazi wengine wanakuja hapo ofisini kuwaombea watoto wao kazi. Mimi namwombea wangu aikose, na sababu zangu ni hizi.

1. Mwaliko wenu ulikuwa na kasoro. Mlitangaza kwamba kila mwongozaji anaweza kwenda kisiwani Kichangani na watu watatu wa familia yake, ili familia zielewe kazi. Yasmini alikuja nyumbani anacheka peke yake, akatueleza kwamba tutakaa kisiwani siku mbili, tutaamka alfajiri na tutakuwa na ndege mpaka jua likolee. Ndugu Katibu, sisi wakulima wa mpunga tukiambiwa tukakae na ndege tangu alfajiri, tunajua kazi moja tu, nayo ni kuamia. Unapanda dunguni, kibanda chetu kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, na kuanzia hapo ndege akitua hapati raha. Tulidhani huko kisiwani kuna shamba kubwa limevamiwa, Chama kimezidiwa, na sasa kimeomba wataalamu. Nilijisikia fahari, siwezi kuficha. Nilibeba kombeo langu, kikapu cha madongo niliyoyakausha mwenyewe kwa siku nne, na debe la kugonga. Dada yangu Shamsia alibeba kanga nyekundu ya kupepea. Mke wangu Mwajabu alibeba sauti yake. Tulivuka daraja la Ndundu tukiwa kikosi kamili. Pale Nyamisati mwenye boti alikinyanyua kile kikapu akauliza kama ni muhogo. Hakuna aliyetueleza ukweli mpaka tuliposhushwa kwenye mchanga tukaangaza macho huku na huku, tukaona mikoko, tope na bahari, na shamba hakuna.

2. Mlimnyamazisha mke wangu. Huenda hamumjui Mwajabu. Sauti yake ikitoka kwenye dungu letu inavuka mfereji, na majirani wanne wamekata mashamba yao karibu na letu kwa kulitegemea koo lile. Mkuu wa msafara wenu alimwomba anong'one. Alijaribu. Mnong'ono wake ukarusha yangeyange watatu waliokuwa wamejilalia zao kwenye mkoko. Kwa hiyo siku ya pili mkaamua abaki kwenye boti, na dada yangu Shamsia abaki naye kumsimamia, kama mtu aliyewekwa chini ya ulinzi. Madhara yake mpaka leo hayajaisha. Tuliporudi nyumbani alikuwa bado anaongea kwa sauti ya chini, nami nikadhani amenikasirikia, nikamwomba radhi kwa mambo matatu ambayo kumbe hakuwa akiyajua. Sasa anayajua.

3. Kanga ya Shamsia. Aliambiwa aivue kwa kuwa rangi nyekundu inatisha ndege, akavikwa koti la mvua la rangi ya tope ambalo lilimfikia vifundoni. Naomba nieleze kwamba doti ile ina vipande viwili, na kipande cha pili kimefungwa kwenye mti shambani kwangu tangu Januari ili kiwatishe ndege. Mnana, wale ndege wadogo wa manjano wanaokula mpunga, wanakaa juu yake. Wamekichafua mpaka hakionekani kimeandikwa nini. Ama ndege wa kisiwani ni waoga kupita kiasi, ama wa kwangu ni majambazi. Kwa kuwa ninyi ni watu wa utafiti, naomba jibu.

4. Wageni wenu. Hawa ni watu wazuri na walitugawia biskuti. Ila nilimwona mmoja, mtu mzima mwenye mvi, amemwona mnana na kushika kifua kwa furaha. Mnana, Ndugu Katibu! Nilimwambia Yasmini amweleze kwamba akija Umwe nitampa elfu mbili awachukue wote. Mgeni huyohuyo akaniuliza, kupitia kwa binti yangu, kama kupungua kwa ndege duniani kunanigusa. Nilimjibu kwa dhati kwamba jambo hilo naliomba kila baada ya sala. Aliandika. Mwezi uliofuata nikaoneshwa kwenye simu taarifa yenu yenye picha yangu, na chini yake maneno kwamba wazee wa Rufiji huwaombea dua ndege kila siku. Msikitini kwetu sina tena mahali pa kuweka uso.

Na hapohapo niliona jambo jingine, ambalo ningeomba mnisaidie kulielewa. Mlimkamata ndege mdogo kuliko kiganja, mkamvika pete yenye namba mguuni na kumwachia, mkasema sasa anajulikana popote atakapokwenda. Mimi kitambulisho changu nakifuatilia mwaka wa tatu. Ndege yule akiumwa, kuna mtu Kibiti atajua. Mpunga wangu ulipoumwa mwaka juzi, bwana shamba alikuja baada ya mavuno akatupa pole.

5. Tukio lenyewe. Asubuhi ya siku ya pili tulilala kifudifudi kwenye tope kwa saa mbili na robo. Wageni walikuwa mbele, macho yote kwenye darubini. Nyuma kabisa tulikuwa Yasmini na mimi. Alininong'oneza kwamba maji yakishakupwa atakuja ndege mla kaa, mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, ambaye huja kwetu kutoka Uarabuni, na kwamba kuna mgeni pale mbele aliyemsubiri ndege huyo miaka kumi na moja. Wakaja. Yasmini aliwahesabu upesi, sitini na watatu. Walitua hatua arobaini kutoka kwetu na kuanza kutembea kwa adabu zao, wakila kaa ambao hakuna mtu aliyewapanda wala kuwapalilia.

Hapo ndipo, kwa mujibu wa taarifa yenu, "sauti kubwa ya kufukuza ilisikika, ikifuatiwa na dongo lililorushwa kwa kombeo." Sitaki kuingia katika habari za nani alipaza na nani alirusha. Taarifa imeandikwa "ilisikika" na "lililorushwa", nami naiunga mkono, ni Kiswahili kizuri. Nitasema jambo moja tu la kitaalamu, kwa kuwa hamna mtaalamu wa kombeo kwenye kamati. Ule ulikuwa mtupo safi. Dongo lilipita hatua nne kushoto kwa kundi, kwa sababu mwamiaji hampigi ndege, anaupiga upande ambao hataki ndege aende. Ukizingatia kwamba mrushaji alikuwa ametoka kulala kifudifudi, na magoti yake si ya leo, alistahili walau neno la pongezi.

Ndege wote sitini na watatu waliondoka kuelekea Mafia. Yule mgeni wa miaka kumi na moja, mwanamke, alikaa kwenye tope akalia. Kabla mkuu wa msafara hajauliza lolote, Yasmini alisimama, akalichukua kombeo lililokuwa karibu, akasema ni yeye, amejisahau, ni mazoea ya nyumbani. Akakiri mbele ya watu tisa. Kesi hiyo imekwisha na sioni kwa nini kamati isumbuke kuifufua.

6. Yasmini mliyenirudishia si yule niliyewapa. Mnasema ninyi ndio mliomfundisha habari za ndege. Hapana. Binti yule alipanda dunguni ana miaka saba. Aliwajua ndege kwa ubaya wao, nani anafukua mbegu, nani anasubiri punje iwe maziwa, nani anakuja na ndugu zake. Alikuwa akisikia mlio kabla mimi sijaona kivuli. Elimu hiyo mliichukua shambani kwangu bila kupiga hodi, mkaivisha kofia na darubini.

Sasa amerudi dunguni, mpunga uko kwenye maziwa, na ninyi mnajua huu ndio mwezi wa kufa na kupona. Naye hafukuzi. Anatazama. Ana daftari. Nikimuuliza kwa nini kuna kelele upande ule ananijibu kwamba ni madume wanagombea kiota. Wiki iliyopita kwelea walishuka kama mvua, akawakadiria elfu nne na kuwaandika kwanza, ndipo akamwita mama yake. Mpunga wangu unaliwa na ndege walioorodheshwa. Halafu jioni anakaa kwenye ngazi ya dungu anatazama upande wa bahari, na chakula chake kinapoa.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Kibali chake kifutwe kabisa, ili akate tamaa mapema na arudi kuwa mkulima.

(b) Chama kimtumie barua yenye muhuri ya kumwamuru asahau majina ya ndege, hasa yale ya Kilatini, ambayo anayataja hata usingizini.

(c) Hilo likishindikana, basi shamba langu la ekari mbili na nusu litangazwe kuwa kisiwa. Maji yanalizunguka kuanzia Aprili, ndege ni wengi kuliko Kichangani, na hakuna haja ya boti. Wageni wakae dunguni na biskuti zao. Wakati huohuo mpunga unaoliwa uhesabiwe kuwa chakula rasmi cha ndege wa Chama, na mimi niitwe mpishi.

(d) Mwajabu arudishiwe heshima yake kwa kuteuliwa kuwa king'ora cha wilaya.

Kamati ikinikatalia yote manne nitakuwa sina la kufanya ila kuja Kibiti na debe langu, nikae nje ya ofisi yenu kuanzia alfajiri, niwaamie ninyi.

Nisalimie mwenyekiti na wanakamati wote kwa vyeo vyao. Msalimieni mwenye boti na mwambieni yalikuwa madongo. Msalimieni yule mama aliyelia kwenye tope, kama mna anwani yake. Na wale sitini na watatu, wakirudi kutoka Uarabuni, nao wapeni salamu, kila mmoja kwa namba yake.

Ni mimi, mkulima asiyekuwa mwanachama,

Mshamu Ismaily.

TANBIHI: Barua hii nilikuwa nimekwisha kuifunga. Nimeifungua leo asubuhi, na nitaeleza kwa nini.

Nilimpelekea Yasmini chai na viazi dunguni. Alikuwa ameteremka kuchota maji, na daftari lake alikuwa ameliacha wazi. Nililisoma. Mwanzoni nilitaka tu kuona kama ameandika habari za kwelea wangu vizuri, na ameandika vizuri sana, siku, saa, upepo, na hata mahali walipoingilia. Nikafunua nyuma mpaka mwezi wa tatu, Kichangani. Ameandika: "Mla kaa, 63. Wameondoka. Sababu: mimi."

Ndugu Katibu, alipojitaja mbele ya wageni nilidhani alisema kwa haraka, ili baba yake asichekwe mbele ya watu kwa kosa la kombeo. Lakini daftari lile halisomwi na mtu. Humo hakuwa na wa kumwonea haya, na humo pia amenisitiri.

Ni mimi. Sauti ilikuwa yangu, kombeo langu, dongo langu. Niliwaona wale ndege wametua wanakula, mkono ukaenda wenyewe kabla sijakumbuka niko wapi. Yasmini alininyang'anya kombeo mkononi na kuwageukia watu. Nami, niliyewaandikia kurasa hizi kulalamika kunyamazishwa, nimenyamaza miezi miwili bila kuombwa na mtu.

Malalamiko namba 1 hadi 6 yafuteni, isipokuwa lile la kanga, ambalo bado nasubiri jibu. Maombi (a) hadi (d) yafuteni yote. Naomba kibali chake arudishiwe. Tarehe 24 nitakuja mwenyewe mbele ya kamati, bila debe. Kombeo nimelifunga humu ndani kama kielelezo. Na pale kwenye taarifa yenu penye "ilisikika" na "lililorushwa", andikeni jina langu kamili na kijiji changu. Daftari lake siwezi kulisahihisha bila yeye kujua kwamba nimelisoma, kwa hiyo la kwenu ndilo ninaloliomba.

Mwajabu nimemweleza kila kitu leo hii. Sauti yake imerudi yote. Mnana wameondoka shamba zima, na mimi nimeshuka dunguni kuja kuituma barua hii.