Ombi la Kukatiwa Basi Katikati

Bellmont, Alabama
Februari 1956

Kwa Bwana Meneja wa Mabasi ya Mji,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Odessa Threadgill, mpishi katika nyumba za wazungu huko mlimani. Tangu sisi watu weusi tulipogoma kupanda mabasi yako, nasikia hupati usingizi. Nimekuonea huruma, ndiyo maana naleta malalamiko yangu ili tusaidiane.

1. Mabasi yako yanapita mtaani kwetu matupu, na kile kibao cha kututenga na wazungu bado kimechomekwa juu ya kiti. Mbele hakuna mtu, nyuma hakuna mtu. Kinamtenga nani na nani? Naomba kipewe likizo.

2. Utaratibu wenu ni kwamba tulipe nauli mlango wa mbele, tushuke, tuzunguke kwa nje tukapandie mlango wa nyuma. Shangazi yangu Lovie, aliyenilea, miguu yake huvimba. Siku moja ya mvua alilipa, akashuka, na kabla hajaufikia mlango wa nyuma dereva akaondoa basi. Nilidhani ni uonevu. Kumbe alikuwa anafundishwa kutembea, na amefuzu: sasa anakwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Sasa mbona mnatulalamikia? Walimu ni ninyi.

3. Mmesema viti vya nyuma ndivyo vyetu. Sawa, tusibishane. Lakini injini iko wapi, Bwana Meneja? Iko huko huko nyuma. Miaka yote joto lake limetuunguza sisi, na moshi wake tumeuvuta sisi. Kwa haki hiyo, injini ni yetu.

Kwa hiyo naomba mlete msumeno. Kateni kila basi katikati, pale pale penye kibao. Nusu ya mbele bakini nayo, pamoja na usukani na honi, mkae humo mjivunie. Nusu ya nyuma tupeni sisi. Namna ya kuiongoza tutaijua, maana wanaozitengeneza injini hizo gerejini kwenu ni waume zetu. Sheria ya kutengana itakuwa imetimizwa kabisa, na hakuna hakimu atakayetutia hatiani.

Nakuomba ufanye haraka. Jioni shangazi akivua viatu, mimi hugeuza uso nisije nikalia mbele yake. Sijui miguu ile itahimili mpaka lini.

Wasalimie madereva wote. Msalimie na mkeo, ambaye nasikia kila asubuhi anakuja kwa gari mtaani kwetu kumchukua mpishi wake ili asikose kifungua kinywa. Mwambie asiendeshe kasi.

Wako mwenye kukutakia mema,
Odessa Threadgill

Baada ya sahihi: Nimemsomea shangazi barua hii akiwa ametia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Alicheka mpaka nilipofika kwenye msumeno, kisha akanuna. "We Dessa, nani kakutuma uniombee nusu basi? Mie nataka zima. Napandia mlango wa mbele, nakaa nyuma ya dereva, na haondoki mpaka nimekaa vizuri. Hawataki, waache."

Naliondoa ombi langu, Bwana Meneja. Msikate kitu. Ameniagiza nimwekee viatu vyake vya kutembelea kesho karibu na mlango.