Sista Amemfungia Kipa Wetu Kisa Kichwa

Ndugu Mhariri wa Michezo,

Pokea salamu kutoka Kiwanda cha Magodoro, ambako sote ni wazima isipokuwa mioyo yetu. Naomba nafasi gazetini nimshtaki mbele ya umma nesi wa zahanati ya kiwanda, tunayemwita Sista, ambaye amemzuia kipa wetu kucheza fainali ya Jumamosi dhidi ya watu wa kiwanda cha sabuni. Kipa huyo ni mdogo wangu, tumbo moja, na kocha ni mimi. Kwa hiyo naandika bila upendeleo wowote.

Kisa chenyewe ni kidogo tu. Jumapili mdogo wangu aliruka kudaka kona, kichwa chake kikakutana na goti la mshambuliaji. Akalala chini kidogo, kama binadamu yeyote aliyechoka. Tukammwagia maji, akainuka mwenyewe, akaenda kusimama kwenye lango la wapinzani. Mimi niliona huo ni uchangamfu. Sista akaingia uwanjani na viatu vyake vyeupe, akamtoa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sista hakuheshimu kipimo chetu. Tangu timu ianzishwe, mchezaji akigongwa kichwa namwonyesha vidole na kumuuliza ni vingapi. Huwa ni viwili siku zote, ili kumwondolea mgonjwa usumbufu, na hakuna aliyewahi kufeli. Yeye akaonyesha vitatu! Mdogo wangu akajibu "viwili" kwa sauti ya kishujaa, kama alivyofundishwa, na kwa utiifu huo akatolewa nje.

2. Anadai ubongo unaweza kutikisika ndani ya fuvu hata kama mtu hakuzimia wala hakutoka damu. Haya! Kichwa nimekikagua mwenyewe. Hakina nundu, hata nywele zimekaa sawasawa. Mimi nashona magodoro, na godoro likiharibika ndani nitaliona tu kwa nje.

3. Kila kitu kwake ni dalili. Mdogo wangu akitapika, dalili, wakati mimi najua ni ile chai ya mapumziko. Akikimbia mwanga, dalili. Akiumwa kichwa, akikasirika ovyo, akisahau alichoambiwa sasa hivi, dalili. Kwa mtindo huo, Mhariri, ofisi yetu nzima ya uhasibu ingekuwa wodini.

4. Hili ndilo lililonichoma. Eti apumzike kwanza, kisha atembee taratibu, kisha akimbie polepole, kisha afanye mazoezi bila kugongana na mtu, na dalili zikirudi arudi nyuma hatua moja. Mwisho kabisa daktari amruhusu! Huyu ni kipa au yai? Tena ametuambia kwamba akigongwa tena kabla hajapona, anaweza hata kufa. Uchuro gani huu, wiki ya fainali?

5. Kwa kuwa haki haipatikani zahanati, leo asubuhi nimemchukua uani kwa siri, nikampigia mipira ya juu. Amedaka vizuri tu. Mmoja umempata usoni, akacheka, na akaendelea kucheka hata tulipokwisha kuacha. Huo ndio moyo wa mchezo.

Naomba basi gazeti lako lidai Sista ahamishiwe idara isiyo na vichwa, kwa mfano ghala la pamba, na ruhusa za wachezaji majeruhi zitolewe na makocha, maana sisi ndio tunaojua fainali ni lini.

Nisalimie wahariri wenzako wote, mpiga picha wenu, na yule mlinzi wa getini asiyependa wageni.

Wako katika kutetea vichwa imara,
Kocha, na Fundi Mshonaji,
Kiwanda cha Magodoro

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha, mdogo wangu akaingia chumbani. Akanipa shikamoo kwa adabu nyingi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniuliza kama kaka yake anakaa nyumba hii. Nikadhani ananitania. Hatanii, Mhariri. Tuko kwenye gari la kiwanda, tunakwenda hospitali, haya nayaandikia gotini. Naogopa sana. Barua ichapishe yote, usinifichie aibu, makocha wenzangu waisome. Sista amekaa nyuma amemshika kichwa asitikisike, na mdogo wangu anazidi kumuuliza kaka yake atakuja saa ngapi.