Boya la Barafu Lililoshukia Kanombe

Jumatatu, 2 Septemba 1991

Sanduku la ajabu limeingia leo na ndege ya Ulaya, hapa ghalani kwetu uwanja wa ndege wa Kanombe. Limeandikwa Kirkenes. Nimetafuta kwenye ramani: Kirkenes iko juu kabisa ya Norwe, kando ya bahari inayoganda. Mtu fulani huko Ulaya alisoma "Ki" akachoka, akalituma Kigali. Madamu Kabagwira, mkuu wetu, ameagiza niliweke pembeni, nisiliguse mpaka wenyewe wajulishwe. Nimeliweka pembeni. Miaka kumi na mmoja napokea mizigo ya kutoka kila mahali, na mimi Léonce sijawahi kwenda mbali zaidi ya Bujumbura nilikozaliwa. Nimeligusa kidogo tu.

Jumanne, 3 Septemba

Nimelifungua, kwa sababu za usalama. Ndani mna boya la manjano, zito kama mbuzi, lenye antena, pamoja na kitabu cha Kifaransa. Ni roboti! Wanalipeleka kwa meli na kuliacha juu ya barafu ya bahari, kule ncha ya kaskazini. Linapima baridi lenyewe, linatuma habari kwa setilaiti, linasafiri na barafu mwaka mzima bila mtu. Nimekisoma kitabu mara mbili. Chakula cha mchana nimekisahau.

Mpango: nikilitunza vizuri, wenyewe watauliza ni nani huyo, na nitaitwa niende nalo melini. Lakini mtunzaji lazima akijue chombo chake. Kitabu kinasema ukiondoa sumaku ya ubavuni, linaamka. Nimeiondoa. Hakuna taa, hakuna sauti. Bovu, maskini. Sumaku nimeitia mfukoni.

Alhamisi, 5 Septemba

Si bovu. Imefika teleksi ya Daktari Moen, mama mwenye boya. Anasema limeanza kutuma habari, na linadai bahari ya barafu ina joto la nyuzi ishirini na nne. Anauliza kama kuna mtu amelifungua. Meli yake inaondoka tarehe kumi na nane, kabla barafu haijafunga njia. Boya likiharibika hana lingine, na mwaka mzima wa kazi umepotea.

Teleksi ilisomwa kwa sauti, ghala zima lisikie, pamoja na Rugamba, mwenzangu wa meza ya pili, mtu anayepiga pasi hata soksi. Madamu akaniuliza. Nikasema sanduku halijaguswa. Rugamba akaitazama misumari ya sanduku, akanitazama mimi. "Boya iko na joto ya Kigari," akasema, basi.

Nilitaka kuirudisha sumaku. Suruali ilifuliwa jana, na sumaku haimo.

Mpango mpya: boya lipewe baridi. Daktari akisoma baridi, moyo wake utatulia.

Ijumaa, 6 Septemba

Kankindi, binti wa shangazi yangu, anauza samaki wa barafu Kicukiro. Nimechukua kamyoneti ya kazi, ile pikapu ya mizigo, nikamwambia mlinzi naenda kuziba tairi. Kankindi aliuliza hiyo ni nini. Nikamwambia ni chombo cha kupima ubora wa samaki. Aliamini nusu, akatoa vikapu viwili vya samaki wa mukeke ili kuliachia nafasi kwenye friza. Mfuniko ukagoma kufunga kwa sababu ya antena. Tumeuzungushia kitenge chake.

Jumapili, 8 Septemba

Umeme wa Kicukiro ulikatika jana mchana na haujarudi. Kankindi amewakaanga mukeke wote kwa mpigo na kuwagawia majirani. Wao wamefurahi. Yeye ameniita kwa jina langu kamili, pamoja na la ubatizo.

Nimelihamishia boya Biryogo, kwenye mkahawa mmoja wenye jenereta na sanduku kubwa la barafu. Nilipitia Remera kidogo. Remera haiko njiani, lakini palikuwa na mechi ya mpira uwanja wa Amahoro. Boya lilinisubiri kwenye kamyoneti chini ya turubai.

Jumatatu, 9 Septemba

Boya limerudi ghalani kabla Madamu hajafika. Misumari nimeigongelea vizuri. Teleksi imesema joto lilishuka hadi sita chini ya sifuri, likapanda, likashuka tena. Daktari anauliza kwa heshima kama Kigali kuna hali ya hewa isiyojulikana kwa wataalamu. Mambo yanakwenda vizuri.

Jumatano, 11 Septemba

Hayaendi vizuri. Sikujua kwamba setilaiti huandika pia mahali lilipo boya, na saa. Daktari ametuma orodha yote kwa faksi. Madamu aliitandaza mezani kando ya ramani ya mji, na Rugamba akamshikia rula.

"Léonce, sanduku ilikuwa wapi Jumapili?"

"Hapa ghalani, Madamu."

Akaweka kidole juu ya ramani. "Saa tisa na nusu iko Amahoro. Nani alishinda?"

"Sare," nikasema. "Bao moja kwa moja."

Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe, nikajua nimekwisha. Madamu hakupiga kelele. Alisema kesho nitazungumza na Daktari kwa simu, nimweleze mwenyewe kwamba nimemharibia mwaka wake. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sikuwa nimewafikiria watu wa ile meli kama watu.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimezungumza naye. Kifaransa chake kibovu kuliko changu. Nilimweleza yote: suruali, samaki, kitenge, mpira. Akaniomba nirudie lile la kitenge. Kisha akacheka. Akasema maboya yake mawili ya mwaka jana yalikufa wiki ya kwanza, na hajui kama ni baridi au ni misukosuko. Hili limepita kwenye joto, friza, mashimo ya barabara na tena barafu, na halijakosa kutuma hata siku moja. Sasa analiamini. Ila akaomba lizimwe leo hii, betri isiliwe bure. Sumaku yoyote itafaa.

Hatukuwa na sumaku. Rugamba akatoka, akaenda kwao, akarudi na spika aliyoing'oa kwenye redio yake, na sumaku ya nyuma yake ikalizima boya. Sijui niandike nini juu ya Rugamba.

Jumamosi, 14 Septemba

Boya limepanda ndege. Jina la Kirkenes nimeliandika pande zote sita, herufi kubwa. Madamu amenihamishia chumba cha vifaranga wanaoletwa kwa ndege, muda usiojulikana. Vifaranga mia nne wa siku moja, wote wananisemesha.

Ijumaa, 4 Oktoba

Faksi ya Daktari, kwa jina langu! Boya liko juu ya barafu. Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, linasogea kilomita kumi na moja kwa siku kuelekea magharibi. Atanitumia habari zake kila mwezi. Nimeisoma nimesimama kati ya vifaranga, na kwa kitambo fulani sikuwasikia. Kitu nilichokibeba kwa mikono hii kiko kule, kinafanya kazi. Madamu amenipa mkono. Rugamba ameomba kuiona ile namba ya baridi, akatikisa kichwa kwa furaha.

Nimeamua kuwa mtu wa bahari. Kampuni moja ya boti huko Gisenyi inatafuta nahodha msaidizi kwa Ziwa Kivu. Nimewaandikia kwamba nina uzoefu wa bahari za barafu. Kuhusu kuogelea hawajauliza. Wananitaka kwa usaili Alhamisi, siku ya kazi, kwa hiyo Alhamisi nitaugua. Nimechagua jino, kwa sababu la ndani kabisa halionekani. Kamyoneti itakuwa huru kunifikisha Gisenyi.