Madai ya Mtangazaji Dhidi ya Kidole cha Mkewe

Magamba, Lushoto
Januari 2000

Kwako Baba Mkwe, Mzee Athumani, Mgwashi.

Shikamoo Baba. Shikamoo hii nimeitoa nikiwa nimesimama, ndipo nikakaa kuandika, kwa kuwa yanayofuata ni mazito na sitaki yaonekane yamekosa adabu. Hapa Magamba baridi ni ile ile, viazi vimeota, na mimi mkweo ni mzima wa mwili. Habari za moyo ziko huko chini.

Binti yako Saumu, ambaye ni mke wangu, yuko kwako tangu mwezi uliopita. Simlaumu mzazi kwa kumpokea mwanawe. Ninacholalamikia ni kwamba alikuja na mashine.

Kwa faida ya wazee utakaowasomea barua hii, nieleze mashine yenyewe. Binamu yangu Rashidi anauza magari yaliyotumika kutoka Japani, biashara ambayo tangu soko lifunguliwe imempa tumbo na simu ya mkononi. Alituachia pikapu moja ya kushushia kabichi Soni. Saumu alipokuwa akiisafisha, alikuta kwenye droo ya dashibodi kimashine cha kushika mkononi, kioo chake hakizidi kiberiti, na ndani yake kaseti ya gemu. Mjapani aliyeuza gari alikisahau, au alidhani ni kipuri. Gemu lenyewe ni hadithi. Kijana anatoka kijijini kwao na upanga, anapita mji hadi mji akizungumza na watu, ananunua, anauza, anapigana na wadudu, na mwisho anakutana na joka. Maandishi yote ni ya Kijapani. Hilo halikututisha. Siku hizi tumeshatia dole gumba kwenye karatasi nyingi zisizo za lugha yetu, kaseti moja ni kitu gani?

Kwa kuwa kioo ni kidogo na watu ni wengi, utaratibu wetu ulikuwa hivi: Saumu anabonyeza, mimi nainama begani kwake na kutangaza kwa sauti, kama mpira wa redioni, na watu waliojaa uani wanasikiliza. Kubonyeza ni kazi ya vidole. Kutangaza ni kazi ya akili.

Sasa Rashidi ameleta habari kwamba gemu la pili, la yule yule kijana, limetoka Japani, na kaseti iko njiani pamoja na shehena ya magari. Baba, tangu habari hiyo ifike, Magamba haina utulivu. Msaragambo wa kijiji kizima kuzibua mfereji umeahirishwa. Mwalimu wa kwaya, Tobia, amesogeza mazoezi mbele, na imamu hakumsema, kwa kuwa naye anasubiri. Imeundwa Kamati ya Kusubiri, mwenyekiti wake ni mimi, na watu wote watakusanyika uani kwangu kunisikiliza nikiliua joka la pili. Uani kwangu hakuna mashine. Wala hakuna anayejua kuibonyeza. Nadhani unaliona tatizo, kwa hiyo naingia kwenye malalamiko.

1. Kuondoka na mashine. Saumu atakwambia ameiokota yeye. Ni kweli. Lakini mashine isiyotangazwa ni nini, Baba? Ni betri zinazokwisha kimya kimya. Aliyeifanya ijulikane kuanzia hapa mpaka Rangwi ni mimi, na sauti yangu haijarudi sawasawa mpaka leo.

2. Kidole. Siku Rashidi alipoleta habari, watu waliniomba niwasimulie upya jinsi nilivyoliua joka la kwanza. Nasema "nilivyoliua" kwa sababu ndivyo mtangazaji anavyosema. Huwezi kutangaza "mke wangu kalipiga joka" halafu kesho ukasimame kwenye kikao cha wanaume kugawana zamu za maji. Nilikuwa nimefika pale ninapoingia pangoni. Saumu alikuwa anapita na chai. Badala ya kumimina, aliweka birika chini, akainua kidole gumba cha mkono wa kulia mbele ya watu wote. Kina sugu. Hapo Bi Tatu, jirani yetu ambaye umri wake unatosha kumzaa mama yangu, akaomba aone na changu. Changu ni laini, Baba, na sababu ninayo: sugu ya jembe huota kiganjani, si kidoleni. Nilieleza hivyo vizuri kabisa, lakini walicheka kabla sijafika kwenye jembe. Kesho yake Saumu alifunga mzigo wake, na mlangoni akaniambia neno moja la Kishambaa ambalo kwa heshima yako siliandiki. Wewe ndiye uliyemfundisha lugha, utalikisia.

3. Kuvunja adabu. Sisi hapa tuligundua mapema kwamba kijana akisimama mbele ya mtu na ukabonyeza, yule mtu anasema kitu. Tukaelewana kwamba kubonyeza huko ni shikamoo, na yule mtu anaitikia marahaba kwa Kijapani. Kwa hiyo kila mji tulioingia, kila mzee alisalimiwa, na tukipita tena, tunasalimia tena. Wazee wa Japani ni wengi, Baba. Masika yote yalikwisha hatujatoka mji wa pili. Lakini tulitoka na heshima zetu. Sasa akina mama wa soko la Soni wananiambia kwamba huko Mgwashi Saumu anawapita wazee kama miti, anaingia nyumba za watu bila hodi, anafungua masanduku yao, na kijana hapungukiwi na kitu. Ona tunakokwenda. Leo hasalimiwi mzee wa kwenye kioo, kesho hasalimiwi mzee wa barazani, keshokutwa mkwe ataandikiwa barua isiyo na shikamoo, na nchi itakuwa imekwisha.

4. Duka. Katika kila mji wa gemu kuna mwenye duka ambaye hununua chochote anacholetewa. Haulizi kimetoka bonde gani. Hasemi lori limeharibika, hasemi Dar es Salaam kabichi zimejaa, hasemi rudi kesho. Mara ya kwanza nilipotangaza kwamba kijana ameuza ngao kuukuu na amelipwa pale pale, watu walishangilia kuliko siku joka lilipokufa, na nilimwona mtu mzima akifuta macho. Usishangae. Sisi ghala letu la ushirika sasa ni la popo, na kila tukiuliza kwa nini kabichi zimerudi, tunajibiwa kwamba bei ameipanga Soko. Hakuna anayetuonyesha huyo Soko anakaa wapi, twende tukampe shikamoo. Kuiondoa mashine Magamba ni kutuondolea duka pekee linalomheshimu mkulima.

5. Nyumba. Nyumba imepoa. Viazi ninavyopika vinaungua upande mmoja na upande wa pili ni vibichi. Watu wakinikuta njiani wananiuliza joka halijambo. Juzi mvua ilianza, nikatamka kwa sauti, jamani mvua hiyo, kisha nikagundua nimeinama na hapakuwa na bega. Sikupenda.

Kutokana na hayo, nadai yafuatayo. Saumu arudi na mashine kabla kaseti haijafika, akae mahali pake, nami nikae mahali pangu. Akishusha kile kidole, akishushe mbele ya watu wale wale aliowainulia. Joka la pili litambuliwe kuwa mali ya Magamba, life kwa jina langu, Idrisa, na Mgwashi wasilisogelee hata kwa mazoezi. Wazee wa Kijapani waliopitwa bila salamu warudiwe mmoja mmoja. Na wewe Baba, kwa kuwa yametokea chini ya paa lako, utoe mbuzi wa kusafisha jambo, asiwe mkonde.

Usidhani nimekaa bure. Nimemwomba mlinzi wa geti la msitu, ambaye hupekua malori akitafuta mbao za wizi, apekue na mashine pia. Aliniuliza ukubwa wake. Nilipomwonyesha kwa vidole, alinirudishia soda niliyomnunulia. Nisipopata jibu lako nitapanda baraza la kata, nikitoka hapo nitakwenda kwa mkuu wa wilaya, na ikibidi ubalozi wa Japani, kwa maana wao ndio walioleta kijana asiyejua kupiga hodi.

Mfikishie salamu Mama, na shangazi yake Saumu, na wote wanaolala na kuamka hapo nyumbani, na hata wale waliocheka habari za jembe zilipowafikia. Saumu mwenyewe simsalimii, kwa kuwa tuko kwenye mgogoro.

Ni mimi mkweo, ninayedai kwa unyenyekevu,

Idrisa
Mwenyekiti, Kamati ya Kusubiri
Mtangazaji

Nyongeza: Sijaifunga barua, dereva wa lori la mboga amefika kutoka Soni. Anasema pikapu ya Rashidi ilipita pale asubuhi, haikupandisha huku kwetu, imekata kona ya Bumbuli kuja kwenu. Rashidi amesema kaseti anapelekewa anayecheza. Kamati nzima sasa imo ndani ya lori na mikeka yao, Bi Tatu amekaa mbele na dereva, na wananipigia honi. Nakuja nao. Kwa hiyo barua hii nitakukabidhi mkononi, na nakuomba usiisome mbele ya mtu. Madai yote ya hapo juu yafute, mbuzi pia. Malalamiko nayo yafute, ila lile la tano, hilo mpe Saumu alisome mwenyewe. Nasikia anayetangaza ni shangazi yake, na kwamba anasema wazi, Saumu kapiga. Ni sawa. Kama shangazi atakaukiwa na sauti... hapana, acha. Mniwekee nafasi nyuma kabisa, mahali pa kusikia tu.